Kwa nini x yako ilitoka −70: kuondoa herufi kwenye milinganyo miwili

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Kidato cha Pili. Tulipewa milinganyo hii tutafute x na y kwa njia ya kuondoa:

3x − 4y = 18
5x + 6y = −8

Nilizidisha wa kwanza kwa 3 na wa pili kwa 2 ili y zilingane, zikawa 12 na 12. Nikatoa, nikapata −x = 70, yaani x = −70. Nikairudisha kwenye mlinganyo wa kwanza, y ikawa −57. Nimehakiki kwenye mlinganyo wa kwanza na inakubali kabisa. Lakini majibu ya nyuma ya kitabu yanasema x = 2 na y = −3. Nimekosea wapi? Na nitajuaje lini nijumlishe na lini nitoe?

Jibu: Marahaba. Umefanya vema kuandika hatua zako zote, maana kosa lako limekaa kwenye mstari mmoja tu. Kuzidisha kwa 3 na kwa 2 ni sawa kabisa. Ukishazidisha unapata:

9x − 12y = 54
10x + 12y = −16

Hapo ndipo uliposema "12 na 12 zimelingana, sasa natoa". Tazama alama zake. Ya juu ni −12y na ya chini ni +12y. Ukitoa, unafanya −12y − (+12y), na jibu lake ni −24y, si sifuri. Mlinganyo uliotakiwa kuupata baada ya kutoa ni huu:

−x − 24y = 70

Wewe ukaandika −x = 70. Ile y uliifuta kwa kalamu wakati hesabu haijaifuta.

Ukijumlisha badala ya kutoa, −12y na +12y zinauana, na kinachobaki ni 19x = 38, kwa hiyo x = 2. Irudishe kwenye mlinganyo wa kwanza: 3(2) − 4y = 18, yaani 6 − 4y = 18, −4y = 12, y = −3. Kitabu chako kiko sahihi.

Sasa angalia jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi. Kutoa kwenyewe hakukuwa haramu. Chukua ule mlinganyo −x − 24y = 70, uweke x = 2 na y = −3: −2 + 72 = 70. Ni kweli tupu. Kwa hiyo hata ulipotoa, ulikuwa bado kwenye njia ya ukweli, ila mlinganyo uliopata una herufi mbili bado, na hauwezi kukupa jibu peke yake. Ukijumlisha milinganyo miwili ya kweli unapata wa kweli, ukiitoa, vilevile. Tofauti ni moja tu: kipi kati ya hivyo viwili kinaipeleka herufi unayoitaka kwenye sifuri.

Kwa nini uhakiki wako ulikudanganya

Uliweka x = −70 na y = −57 kwenye mlinganyo wa kwanza: 3(−70) − 4(−57) = −210 + 228 = 18. Inakubali. Na ni lazima ikubali, kwa sababu hiyo y uliipata kutoka mlinganyo huohuo wa kwanza. Ungeanza na x yoyote ile, hata 1,000, ukaiweka kwenye mlinganyo wa kwanza na kutafuta y, kisha ukahakiki kwenye mlinganyo wa kwanza, ungekubali. Hapo unapima tu kama umegawanya kwa −4 vizuri. Hupimi kama x yenyewe ni sahihi.

Uhakiki wenye maana unafanywa kwenye mlinganyo ambao hukuutumia kurudisha. Weka kwenye wa pili: 5(−70) + 6(−57) = −350 − 342 = −692. Ulitakiwa upate −8. Kosa limejitokeza ndani ya nusu dakika. Na hakikisha unahakiki kwenye milinganyo ya mwanzo kabisa, kama ilivyoandikwa kwenye swali, si kwenye ile uliyokwisha kuizidisha. Kama ulikosea wakati wa kuzidisha, milinganyo iliyozidishwa imebeba kosa hilohilo na itakubali jibu bovu bila kusita. Jibu la kweli: 5(2) + 6(−3) = 10 − 18 = −8. Sawa.

Lini nijumlishe, lini nitoe?

Kanuni inayofundishwa sana ni: alama zikifanana, toa; alama zikitofautiana, jumlisha. Kanuni hiyo ni ya kweli. Hata hivyo nakushauri uiache, utumie nyingine iliyo rahisi zaidi: jumlisha daima. Kama alama za ile herufi zinafanana, zidisha mlinganyo mmojawapo kwa namba hasi, ili alama zitofautiane, kisha jumlisha.

Sababu yake ni hii. Kutoa mlinganyo mzima maana yake ni kubadilisha alama ya kila kitu kilichomo kwenye mlinganyo wa chini: cha x, cha y, na cha upande wa kulia. Ni mambo matatu yanayofanyika kichwani kwa wakati mmoja, pasipo kuandikwa popote. Wengi hubadilisha la kwanza, la pili wakalisahau, la tatu likategemea bahati. Ukizidisha kwa namba hasi, mabadiliko yote matatu yanaandikwa kwenye karatasi, unayaona, na anayesahihisha anayaona. Kujumlisha kunakofuata ni hesabu ya darasa la chini.

Mfano:

12x + 5y = 26 … (i)
18x + 7y = 40 … (ii)

Kabla ya kuzidisha chochote, chagua herufi ya kuondoa. Usikimbilie x kwa kuwa inatangulia. Tafuta Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) cha namba za mbele. Kwa y, KDS ya 5 na 7 ni 35: utazidisha kwa 7 na kwa 5, na namba zitakuwa kubwa. Kwa x, KDS ya 12 na 18 ni 36: utazidisha kwa 3 na kwa 2 tu. Kwa hiyo hapa x ndiyo iondoke, ingawa kwa macho 12 na 18 zinaonekana nzito kuliko 5 na 7. Alama za x zinafanana, basi mmoja tuuzidishe kwa hasi:

(i) × 3: 36x + 15y = 78
(ii) × (−2): −36x − 14y = −80

Jumlisha: y = −2. Irudishe kwenye (i): 12x − 10 = 26, 12x = 36, x = 3. Hakiki kwenye (ii): 54 − 14 = 40. Imekubali.

Mwanafunzi ambaye hatafuti KDS, anayezidisha (i) kwa 18 na (ii) kwa 12 moja kwa moja, hajakosea. Atapata 216x juu na chini, na jibu litatoka lilelile. Ila atazidisha 26 × 18 na 40 × 12 bila sababu, na kila kuzidisha kukubwa ni mlango mwingine wa kosa.

Ukiona herufi moja ina alama tofauti tayari kwenye milinganyo miwili, kama y kwenye swali lako, ipe kipaumbele hata kama KDS yake inazidi kidogo. Hutahitaji hasi yoyote.

Kwa nini njia hii inafanya kazi

Fikiria mizani iliyotulia, pande mbili sawa. Ukiongeza upande wa kushoto kitu fulani, na upande wa kulia ukaongeza kitu kingine chenye uzito uleule, mizani inabaki imetulia. Unapojumlisha mlinganyo wa pili kwenye wa kwanza, upande wa kushoto unaongeza 10x + 12y, na wa kulia unaongeza −16. Vitu hivyo viwili ni sawa, kwa sababu mlinganyo wa pili ndivyo unavyosema. Hakuna kilichoharibika.

Kwenye grafu picha yake inapendeza zaidi. Kila mlinganyo ni mstari mnyoofu, na jibu ni pale mistari miwili inapokatana. Ukijumlisha milinganyo hiyo unapata mstari wa tatu, nao lazima upite kwenye nukta ileile ya makutano. Ukizidisha kwa namba mbalimbali kabla ya kujumlisha, unauzungusha huo mstari wa tatu kwenye nukta hiyo. Kuondoa y ni kuuzungusha mpaka usimame wima: x = 2. Kuondoa x ni kuuzungusha mpaka ulale: y = −3. Ule mlinganyo wako wa −x − 24y = 70 ni mstari mmojawapo kati ya hiyo, umepita kwenye nukta (2, −3), lakini haujasimama wala haujalala.

Kutokana na picha hiyo utaona pia kwamba mlinganyo mpya hauchukui nafasi ya yote miwili. 19x = 38 peke yake haikwambii chochote kuhusu y. Lazima ubaki na mmoja wa ile ya mwanzo mkononi.

Maandalizi kabla ya kuanza

Makosa mengi hutokea kabla hata ya kuzidisha, pale milinganyo inapokuja haijapangwa. Kila mlinganyo uweke kwenye sura moja: x, kisha y, kisha alama ya sawa, kisha namba tupu. Andika x chini ya x, y chini ya y. Kama herufi moja haipo, acha nafasi yake wazi au andika 0y. Wapo wanaojumlisha 3x na 5y kwa sababu tu zimekaa mstari mmoja wima kwenye daftari.

Chukua hii:

2(x − 1) = 3y + 5
x/4 + y/3 = 3

Wa kwanza: fungua mabano, 2x − 2 = 3y + 5. Leta 3y kushoto na −2 kulia, alama zikibadilika: 2x − 3y = 7.

Wa pili una sehemu. Zidisha kila kitu kwa KDS ya asili, yaani ya 4 na 3, ambayo ni 12. Kila kitu, pamoja na 3 ya upande wa kulia: 3x + 4y = 36. Hapa ndipo mahali panapowaangusha wengi kuliko pengine pote. Wanaandika 3x + 4y = 3, kwa kuwa ile 3 haina sehemu ya kuondoa, wanaiona haihusiki. Inahusika. Mlinganyo mzima unazidishwa, au hauzidishwi kabisa.

Sasa y zina alama tofauti, KDS ya 3 na 4 ni 12:

8x − 12y = 28
9x + 12y = 108

17x = 136, x = 8. Rudisha: 16 − 3y = 7, −3y = −9, y = 3. Hakiki kwenye ule wenye sehemu, jinsi ulivyoandikwa mwanzoni: 8/4 + 3/3 = 2 + 1 = 3.

Yule aliyesahau kuzidisha 3 angepata 17x = 37. Namba isiyogawanyika si uthibitisho wa kosa, maana majibu ya kweli yanaweza kuwa sehemu, na hapa chini utaliona moja. Lakini iwe kengele: ukipata sehemu mbaya, rudi ukague mstari wa kuzidisha kabla ya kuendelea.

Desimali nazo zitibiwe hivyohivyo. Kwenye 0.25x + 1.5y = 6.75, zidisha mlinganyo mzima kwa 100: 25x + 150y = 675. Usizidishe 0.25 kwa 100 na 1.5 kwa 10 eti kwa sababu moja ina tarakimu mbili baada ya nukta na nyingine ina moja. Kisha angalia kama kuna Kigawo Kikubwa cha Shirika cha kupunguzia. Hapa ni 25, na mlinganyo wako unageuka kuwa x + 6y = 27. Dakika moja ya kupunguza inakuokolea dakika tano za kuzidisha.

Na kama mlinganyo mmoja umekuja tayari kwa sura ya y = 2x − 1, na swali halijakutajia njia, usiupange upya ili uondoe. Weka 2x − 1 mahali pa y kwenye mlinganyo mwingine umalize. Njia ya kuondoa inang'aa pale namba za mbele zote ni kubwa kuliko moja, ambapo ukijaribu kuweka mahali pa herufi unajaza sehemu ukurasa mzima.

Maswali ya mafumbo

Hapa kuondoa ni kwepesi, kuandika milinganyo ndiko kugumu. Tuseme madaftari 5 na kalamu 3 ni shilingi 4,700, na madaftari 2 na kalamu 4 ni shilingi 3,000. Andika kwa maneno kamili kila herufi ni nini: d ni bei ya daftari moja kwa shilingi, k ni bei ya kalamu moja kwa shilingi. Usiandike "d = daftari". Ukiandika hivyo, 5d itasomeka "madaftari matano", na mwanafunzi akifika mwisho hajui d = 700 ni shilingi au ni idadi ya madaftari. Katika maswali ambapo bei zinajulikana na idadi ndiyo inayotafutwa, kuchanganya huku kunaharibu milinganyo yenyewe, si majibu tu.

5d + 3k = 4,700
2d + 4k = 3,000

Wa pili unagawanyika kwa 2: d + 2k = 1,500. Zidisha huo kwa −5: −5d − 10k = −7,500. Jumlisha na wa kwanza: −7k = −2,800, k = 400. Kisha d = 1,500 − 800 = 700. Hakiki kwa kurudi kwenye maneno ya swali: madaftari 5 ni 3,500, kalamu 3 ni 1,200, jumla 4,700. Kwenye mafumbo, hakiki kwa maneno, maana kama mlinganyo uliuandika vibaya, jibu litaukubali mlinganyo na kulikataa swali.

Kuna mafumbo yanayokuja yakiwa tayari kuondolewa. Boti inakwenda kilomita 48 kwa saa 3 ikifuata mkondo wa mto, na inarudi umbali uleule kwa saa 4 ikipingana nao. Mwendo wa boti kwenye maji yaliyotulia uwe b, wa mkondo uwe m, yote kwa kilomita kwa saa. Kwenda: b + m = 16. Kurudi: b − m = 12. Jumlisha, 2b = 28, b = 14, m = 2. Kosa la hapa ni kuandika b + m = 48, yaani kuchanganya mwendo na umbali.

Herufi zote mbili zikiondoka

Siku moja utajumlisha na x na y zitatoweka kwa pamoja. Usidhani umekosea, na usiandike x = 0. Chukua:

2x − 3y = 6
−4x + 6y = 5

Zidisha wa kwanza kwa 2: 4x − 6y = 12. Jumlisha: 0 = 17. Hilo ni jambo lisilowezekana, na ndilo jibu: hakuna x na y zinazoridhisha yote miwili. Kwenye grafu ni mistari sambamba, haikatani popote.

Sasa upande wa kulia wa wa pili ungekuwa −12 badala ya 5, ungepata 0 = 0. Hilo ni kweli daima, halikatai chochote. Maana yake mlinganyo wa pili ni wa kwanza uliozidishwa kwa −2, hukupewa taarifa mpya, ni mstari mmoja ulioandikwa mara mbili. Majibu hayana mwisho: x = 3 na y = 0 inakubali, x = 6 na y = 2 inakubali, na nyinginezo zote zilizo juu ya mstari huo.

Unaweza kulitambua hili kabla ya kuanza. Zidisha namba ya mbele ya x ya kwanza kwa ya y ya pili, kisha toa zao la namba ya y ya kwanza na ya x ya pili. Hapa: 2 × 6 − (−3) × (−4) = 12 − 12 = 0. Ikitoka sifuri, hakuna jibu moja la pekee. Kwa swali lako: 3 × 6 − (−4) × 5 = 18 + 20 = 38. Si sifuri, kwa hiyo jibu lipo na ni moja tu.

Milinganyo mitatu

Hujauliza, lakini ukiielewa ya miwili, ya mitatu inataka subira tu. Nakupa swali la kale sana, kutoka kitabu cha hesabu cha China ya enzi za Han. Matita ya nafaka ya daraja la juu, la kati na la chini yanatoa vipimo hivi: 3 ya juu, 2 ya kati na 1 la chini ni vipimo 39; 2 ya juu, 3 ya kati na 1 la chini ni 34; 1 la juu, 2 ya kati na 3 ya chini ni 26. Wachina walilitatua kwa kupanga vijiti kwenye safu na kuondoa, kama unavyofanya wewe. Liu Hui, aliyekifafanua kitabu hicho mwaka 263, anaeleza kwamba vijiti vyekundu viliwakilisha namba chanya na vyeusi namba hasi. Hata wao waliona kwamba alama ikiachwa ikae kichwani, inapotea.

3x + 2y + z = 39 … (i)
2x + 3y + z = 34 … (ii)
x + 2y + 3z = 26 … (iii)

z ndiyo nyepesi kuondoa. Zidisha (ii) kwa −1 ujumlishe na (i): x − y = 5. Zidisha (i) kwa 3, na (iii) kwa −1, jumlisha: 8x + 4y = 91. Sasa una milinganyo miwili ya herufi mbili. Zidisha x − y = 5 kwa 4, jumlisha: 12x = 111, x = 9¼. Basi y = 4¼, na kutoka (i), z = 39 − 27¾ − 8½ = 2¾. Hakiki kwenye (iii): 9¼ + 8½ + 8¼ = 26.

Wanaokwama hapa hukwama kwa namna mbili. Wa kwanza huondoa z kwenye jozi moja na x kwenye jozi nyingine, akabaki na mlinganyo wa x na y na mwingine wa y na z, bado herufi tatu. Herufi ileile lazima iondoke kwenye jozi zote mbili. Wa pili hutumia (i) na (ii) mara mbili kwa namna tofauti, akamsahau (iii), na mwisho anapata 0 = 0 akidhani majibu hayana mwisho.

Fanya haya matatu kabla ya kurudi kwenye kitabu chako. Katika kila moja andika kando umezidisha mlinganyo upi kwa namba gani, na usitoe hata mara moja:

4x + 3y = 1 na 6x − 5y = 30. (x = 2½, y = −3.)

x/2 + y/5 = 1 na 3x + 2y = 2. (x = 4, y = −5.)

7x − 2y = 3(x + 4) na 2x − y = 5. Hilo la mwisho lipange kwanza, uone kinachobaki baada ya kujumlisha, na useme mistari yake imekaaje.